Sahani ya Nane

Mkuu wa chuo ameniagiza historia ya kanisa letu dogo,
ukurasa mmoja, kwa ajili ya yubile.
"Usirefushe, Bwana Stoo. Weka tarehe."
Tarehe ninazo. Zipo mlangoni kwa herufi za shaba:
jiwe la msingi, Februari sitini na nane,
KWA UKUMBUSHO WA WANAFUNZI SABA
waliochukuliwa na Sabaki wakienda Marereni kufundisha.
Saba. Nimeyasugua majina yao kila Jumamosi
miaka kumi na tisa.

Aliyelijenga hakuwa Mkristo.
Fundi Famau wa Shee, Mbajuni wa Siyu,
alichoma matumbawe yake nyuma ya bweni la wasichana
akaifukia chokaa shimoni miezi minne,
padri akimhimiza, naye akijibu,
"Chokaa haisomi kalenda."
Msalaba hakuuchonga. Hakugomba;
alisema mkono wake haujauzoea, utautia kombo.
Akauunga Kitili wa karakana,
na Famau akarudi kwenye ukuta wake.

Juu ya mlango akapachika sahani za kauri
kama zile za makaburi ya nguzo kule mjini.
"Kwetu, mtu wa kukumbukwa huwekewa chombo."
Padri alilipia saba. Risiti ninayo:
sahani saba za buluu, shilingi ishirini na moja.

Mbona basi ziko nane?

Nilidhani ni macho yangu.
Nikapanda ngazi na brashi ya chokaa mkononi.
Ya nane iko pembeni kabisa, chini ya mchirizi,
haina ua, haina buluu,
ya bati, nyeupe, rangi imebanduka ukingoni.
Nikaikwangua kwa ukucha.
Namba ikatoka: 114.

Nikashuka, nikaingia stoo.
Daftari la jikoni la mwaka ule
mchwa wamelila hadi Septemba.
Oktoba ipo:
*Sahani 114. Haionekani. Mpishi Mbitha akatwe shilingi mbili.*
Na pembeni, kwa penseli,
mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani:
*Haikupotea. Ni ya Fondo.*

Fondo gani?
Ubaoni hayupo. Kwenye rejista hayupo.
Nilimkuta kwenye hati za lori:
dereva, aliogelea, akapona;
abiria saba, na majina yao, na ya baba zao;
utingo mmoja.
Hivyo tu. Utingo mmoja,
kama mtu anayeandika tairi la akiba.

Binti wa Mbitha anauza mahamri hapo getini.
Nimenunua kwake miaka yote hiyo, sikuwahi kumuuliza.
Akasema, huku akigeuza mafuta:
"Mama alimpenda kwa kuwa alikula wa mwisho,
amesimama mlangoni,
na sahani akairudisha imeoshwa.
Yule fundi alikuja jikoni akaitaka, hakueleza.
Mama naye hakuuliza.
Zile shilingi mbili, alisema,
ndizo rambirambi alizotoa."

Mengine, Mkuu, unayajua.
Mabenchi yalikopwa kwa mtihani, hayakurudi.
Mwaka mmoja tuliweka saruji humo ndani,
mvua ikapenya, mifuko ikawa mawe,
bado tunaikalia.
Popo walihamia, wakahamishwa, wakarejea.
Ila ukuta wa Famau haujapasuka hata unywele;
chokaa ile inazidi kukaza, wanasema,
kila mwaka kidogo,
hata sisi tukilala.

Ukurasa wako uko tayari. Tarehe zote zimo.
Penye idadi nimeandika nane.
Ukitaka ushahidi, ngazi iko nyuma ya mlango,
ipande taratibu, kipago cha tatu kimelegea.

Na jana, kabla sijafunga stoo,
nililifungua daftari lile la mchwa
nikaandika chini ya penseli ya Mbitha, kwa wino:
*Sahani 114. Imeonekana.
Isihamishwe.*